Usingizi wa pono

Mtu akilala mpaka jua likamkuta kitandani, Waswahili husema ana usingizi wa pono. Maskini pono! Kazi yote ya kutwa, malipo yake jina la uvivu.

Anayezamia kwenye matumbawe ya Chumbe au Kisite huweza kumsikia samaki huyu kabla hajamwona: kwaru, kwaru, kama mtu anayekuna nazi. Ni meno yake, yaliyoshikana yakawa mdomo wa kasuku, yakikwangua mwani juu ya mawe. Kooni ana meno mengine ya kusagia alichobandua. Kisha husogea kando, na nyuma yake hushuka wingu jeupe. Ni mchanga huo. Sehemu ya ule mchanga mweupe wanaoufuata watalii imepitia tumboni mwa pono, jambo ambalo mahoteli hayalitangazi.

Pono wengi huanza wakiwa majike, wa kahawia au wa wekundu uliofifia. Baadhi yao baadaye hugeuka madume, wakavaa kijani na buluu, na waridi mashavuni. Kwa hiyo yule mkubwa anayeng'aa mnadani huenda aliwahi kuwa jike.

Na huo usingizi? Baadhi ya jamii zake hujibana usiku kwenye ufa wa jiwe, wakatoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walionyesha kuwa ute huo huwakinga na wadudu wafyonza damu. Chandarua hasa! Lakini mkuki hauzuiliki kwa chandarua: visiwani Pasifiki wavuvi wenye tochi huwachoma wakiwa wamelala.

Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na tumbawe changa hutaka jiwe safi la kushikia. Mwani ukitanda, halina pa kukaa, na mkwanguaji wa mwani ni pono. Kwa hiyo pono wanahitaji kulindwa: Belize ilipiga marufuku kuwavua mwaka 2009. Huku kwetu, ambako pono ni kitoweo cha mtu wa kawaida, marufuku ya namna hiyo ingekuwa ukatili. Afadhali dema, ule mtego wa samaki, lenye upenyo, ambalo wavuvi wa Kenya wameshalijaribu. Nairobi na Dodoma wangeanza kwa kulifanya sharti. Upenyo wenyewe ni sentimita chache tu kwa upana, pembeni mwa dema: pono mchanga anapenya akaenda zake, mnene anabaki ndani akingoja chungu.