Mtoto akikamatwa, tunauliza kabila kwanza



Mwezi uliopita mwenzetu wa mungodi alikuja ku mkutano wa sendika kuomba tumusaidie. Mtoto wake wa miaka 15 alikamatwa na bangi mu mfuko. Mbele ya kutoa franga, ulizo la kwanza lilikuwa: "Ni wa wapi ule?" Tukajibiwa baba yake ni mtu wa Kasai. Hapo wengine wakafunga mifuko. "Bale, batoto yabo njo vile." Sisi wa komite tulinyamaza. Tunaandika juu ya kule kunyamaza.

Maneno ya "bale njo vile" hayakuanza kwetu. Kule Marekani yalipimwa. Mu mji wa Chicago, kati ya 1995 na 1998, wataalamu waliuliza vijana 1.829 waliofungwa mu buloko ya watoto, weusi, weupe na wale wa asili ya Kilatini, kisha wakaendelea kuwafuata miaka na miaka. Watu wengi kule walizoea kusema dawa za kulevya ni ugonjwa wa weusi. Kumbe! Miaka 12 kisha kufungwa, weupe njo walikuwa wamenaswa zaidi. Kwa kokaini, uwezekano wao ulipita ule wa weusi zaidi ya mara 30.

Na sheria je? Ile ya 1986 ilitoa miaka 5 bila kupunguza kwa mwenye kukamatwa akiuza gramu 5 za krak, na walioshitakiwa juu ya krak walikuwa zaidi weusi. Kwa kokaini ya unga, ilitaka gramu 500. Ni kitu kimoja, kimepikwa tu. Mwaka 2010 ile 5 ikawa 28. Usawa haukufika.

Kwetu tunaona kwa macho tu. Lutuku inauzwa karibu na mlango wa mungodi, na kila mtoto anapita pale, wa Katanga, wa Kasai, wa Kivu. Anayelala ku kasho ni yule ambaye baba yake hana mkubwa wa kupigia simu.

Sheria ya tarehe 10 januari 2009 inasema mtoto ni mwenye hajatimiza miaka 18, na kesi yake ni ya tribinali ya watoto. Ule wetu angali mu kasho pamoja na watu wazima.

Siku ya posho tunakutana tena ku biro ya sendika. Baba yake atakuwapo. Mchango utaanza na sisi wa komite, na kabila halitaulizwa.