Akiba ya Nani?

Wako wasemao kwamba "pori la akiba" ni tafsiri njema kabisa ya maneno ya Kiingereza "game reserve", kwa kuwa ni fupi, hutamkika bila taabu, na serikali imekwisha kulipokea. Ufupi wake haukanushiki. Wema wake ni jambo jingine.

"Game" asili yake ni mchezo na furaha. Mabwana wa Uingereza walipoufanya uwindaji kuwa mchezo wao, neno likahamia kwa mnyama mwenyewe, awindwaye kwa starehe. Kwa hiyo Mwingereza asemapo "game reserve" hafichi kitu: ni mahali mawindo yalipowekewa wawindaji. Mfasiri alimwondoa mnyama, akaweka pori mahali pake. Msikilizaji huachiwa ardhi iliyotengwa, bila kutajiwa atakayewinda humo. Watu wa enzi ya ukoloni, ambao hawakufunzwa tafsiri chuoni, walikuwa waangalifu zaidi: afisa aliyesimamia uwindaji walimwita Bwana Nyama, na katika neno hilo mnyama na kitoweo vimo pamoja.

Ila kosa kubwa limo katika "akiba". Akiba katika Kiswahili ina mwenyewe. Mama awekaye mahindi darini ajua atayatoa lini na nani watakula. "Akiba haiozi" ni sifa ya mwekaji, kwa sababu mlaji ni yeye na watoto wake. Sasa na atazamwe mkulima wa Usevya, katika nchi ya Wapimbwe. Kaskazini mwake iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa 1998 hata ikafikia kilomita za mraba 4,471. Na upande wa mashariki hifadhi hiyo imepakana na Pori la Akiba la Rukwa. Katika hifadhi, ambayo jina lake halitaji akiba, mnyama hawindwi na mgeni wala mwenyeji. Katika "akiba" huwindwa kwa leseni, na mtalii aliyelipa huondoka na pembe na ngozi. Kiboko akitoka usiku akala mpunga wa mkulima, hakuna asemaye kwamba kiboko amekula akiba ya mtu. Mkulima akimla kiboko, ni jangili.

Atajibu mtu kwamba fedha za leseni huingia katika hazina, na hazina ni ya wote. Jibu hilo lina uzito wake. Lakini hiyo ni hoja ya mapato, nayo haigeuzi maana ya neno.

"Pori tengefu" nalo, litumikalo kwa "game controlled area", lina kisa chake. Ni neno zuri, limeundwa vema kutokana na kutenga. Kiingereza, hata hivyo, chasema kinachodhibitiwa ni mawindo. Kiswahili chasema kilichotengwa ni nchi. Chini ya sheria ya 1974 Kiingereza ndicho kilichokuwa sahihi, kwani watu waliweza kukaa na kulima humo. Sheria ya 2009 ilipozuia kulima, na kulisha mifugo bila kibali, ikawa kama kwamba tafsiri iliitangulia sheria na kuifungulia mlango.

Wenyeji wa kusini hawakungoja wafasiri. Pori la Selous, lililopewa mwaka 1922 jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani 1917, wao waliliita Shamba la Bibi. Husimuliwa kwamba Kaizari wa Wajerumani alimtunuku mkewe. Kisa hicho kiwe kweli au uzushi, jina lina mwenye shamba. Sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na jina la zamani lingali vinywani.

Yafaa basi kusemwa "pori la mawindo". Watetezi wa akiba watalalamika kwamba jina hilo lakwaruza masikio, na kweli lakwaruza. Lakini mkulima wa Usevya akilisikia mkutanoni, ataweza kuinuka na kuuliza mwindaji ni nani.