Mtoto wa Mbwa Afundishwe Kunyamaza

Huenda wengine mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia mbwa. Sisi wauguzi tunajua kuwa usingizi ni sehemu ya tiba. Mgonjwa wa shinikizo la damu, mama aliyejifungua juzi na mzee mwenye pumu wote wanahitaji usiku mtulivu. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Mbwa anayebweka karibu na dirisha huvuka kiwango hicho kwa mbali.

Katika Mji Mkongwe, Shangani au Malindi, vichochoro ni vyembamba na dirisha latazamana na dirisha. Kwa maoni yetu, huko asiye na ua asifuge mbwa kabisa. Familia nyingi sasa zinaishi nje ya mji, Tomondo au Kijitoupele, na hufuga kwa kuogopa wezi. Hatuwalaumu. Lakini mbwa anayebwekea paka, baiskeli, gari la punda na wapiga ngoma za daku si mlinzi. Wenye nyumba humzoea wakaacha kuamka, na siku mwizi akija kweli hakuna anayechungulia.

Tena tukumbuke majirani zetu. Wengi wao hapa Unguja ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu anayekwenda kusali alfajiri akirukiwa na mbwa wako, umemtia taabu kubwa. Mbwa akae ndani ya ua, au atembezwe kwa kamba.

Mafunzo yaanze mapema. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 hupokea mambo mapya bila hofu nyingi, basi azoeshwe wakati huo kuona kanzu, mabuibui, pikipiki na watoto wanaotoka chuoni. Asiyeonyeshwa mambo hayo atayabwekea maisha yake yote.

Kabla ya kumkemea, tazameni kwanza sababu. Ana kiu? Kupe? Amefungwa kamba fupi juani mchana kutwa? Mbwa wa namna hiyo analia tu, na dawa yake ni maji, kivuli na matembezi ya asubuhi. Kama hana shida yoyote, msimpigie kelele, maana kwake ni kama mnamsaidia kubweka. Semeni neno moja kwa sauti ya chini, "Kimya". Akinyamaza hata kidogo, mpeni kipande cha dagaa papo hapo. Kesho mngojeeni anyamaze zaidi kabla ya kumpa. Nyumba nzima itumie neno hilohilo. Baba akisema "Kimya", mama "Nyamaza" na watoto "Shii", mnyama atajifunza nini? Na watoto wakatazwe kumchokoza langoni ili kuwachekesha wenzao.

Fimbo hatuikubali. Mbwa anayepigwa huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma.

Hapo ndipo tunapogusa kichaa cha mbwa. Aliyezoea kutulia, sauti yake ikibadilika mtaitambua upesi. Mwenye kichaa huweza kubweka kwa sauti ya kukwaruza, kutokwa mate, au taya kupooza asiweze kubweka kamwe. Msimtie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa! Mpigieni simu bwana mifugo. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo apewe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Hata alama ndogo ya jino kwenye kidole cha mtoto isidharauliwe.

Mbwa mwenyewe achanjwe akifika miezi 3, kisha arudiwe kama bwana mifugo atakavyoandika. Kadi yake iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili ikihitajika usiku ipatikane.