Waliomba walinzi, hawakupewa

Kwa mama zangu, shangazi zangu, dada na kaka zangu wa Mombasa,

Hapa Hamburg Waafghani ni wengi sana. Tunanunua nyama duka moja nao na tunaswali msikiti mmoja. Ndiyo maana huniuma kila nikisikia huko nyumbani watu wanasema kwamba yanayowapata wanawake wa Afghanistan ni dini yao na mila zao, tuwaachie wenyewe.

Nisikilizeni. Safia Amajan alikuwa mwalimu, kisha akasimamia ofisi ya masuala ya wanawake mkoani Kandahar. Aliomba gari na walinzi, akanyimwa. Septemba 2006 alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Aprili 2009 akauawa Sitara Achakzai, mjumbe wa baraza la mkoa huohuo, mama aliyeishi hapa Ujerumani akaamua kurudi kuwatumikia watu wake. Huko Laghman, Hanifa Safi, aliyesimamia ofisi ya masuala ya wanawake mkoani humo, aliuawa Julai 2012 kwa bomu lililotegwa kwenye gari. Najia Sediqi akakubali kushika nafasi ileile. Naye aliomba ulinzi. Desemba 10 mwaka huohuo, siku dunia inapoadhimisha haki za binadamu, akauawa akienda kazini.

Hapo Taliban walikuwa bado hawajarudi madarakani. Kabul ilikuwa na serikali iliyopigiwa kura, majeshi ya kigeni yamejaa nchini, na wanawake wametengewa viti 68 kati ya 249 vya bunge. Viti vilikuwepo. Aliyekosekana ni ofisa wa kuipokea barua ya vitisho, kuifungulia jalada na kumpeleka askari mlangoni kwa mwanamke aliyetishiwa kabla ya magharibi. Muuaji asiyesakwa hurudi, na huko Laghman alirudi baada ya miezi mitano tu.

Kuhusu dini, nitasema machache. Desemba 2022 Taliban walipowafungia wasichana milango ya vyuo vikuu, Sheikh Ahmed el-Tayeb, Imamu Mkuu wa al-Azhar, alitamka wazi kwamba amri hiyo inapingana na sharia ya Kiislamu. Maimamu wetu wana uwezo wa kuyasema hayo mimbarini Ijumaa, kwa jina na kwa tarehe.

Januari 2023 Mursal Nabizada, aliyekuwa mbunge, aliuawa usiku nyumbani kwake Kabul pamoja na mlinzi wake. Alipata nafasi ya kuondoka nchini, akachagua kubaki. Wengine wanatamani kuondoka na hawana pa kwenda. Ujerumani ilianzisha mpango wa kuwapokea walio hatarini mwaka 2022, kisha mwaka 2025 ikausitisha, na watu waliokwisha kuahidiwa wakaachwa Pakistan wakiogopa kurudishwa. Naishi katika nchi hii na nalipa kodi hapa, na jambo hili naliona ni aibu. Rwanda, jirani yetu, ilifungua mlango: shule ya bweni ya wasichana ya Shabana Basij-Rasikh ilihama Kabul Agosti 2021, na leo wasichana wake wanasoma Kigali. Je, vyuo vyetu vya Pwani haviwezi kutenga nafasi chache kwa wasichana kama hao?

Kenya ina kiti katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, 2025 hadi 2027. Muulizeni mbunge wenu mjumbe wetu anasema nini Geneva Afghanistan inapojadiliwa. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kumkamata Haibatullah Akhundzada, kiongozi wa Taliban, na Abdul Hakim Haqqani, jaji wao mkuu, kwa tuhuma za kuwakandamiza wanawake na wasichana. Hati hizo zinahitaji serikali zilizo tayari kuzitekeleza, na Kenya ni mwanachama wa mahakama hiyo.

Jambo moja tena, nalo mnaweza kulianza leo. Zikiwafikia kwenye simu picha za wanawake wanaoandamana Kabul, msizisambaze nyuso zao zikionekana, hata kama mnataka kuwasifu. Wanaowasaka nao wana simu, na wazazi wa wanawake hao bado wanaishi mitaa ileile.

Ndugu yenu,
Hamburg