Nailoni ya Kufunikia Chakula: Tuijue Kazi Yake

Leo naomba tuingie jikoni. Ile nailoni nyembamba ya kwenye roli, tunayofunikia mchuzi uliobaki au nusu ya tikiti, umewahi kujiuliza inashikaje bila gundi? Ukiipapasa huoni utomvu wowote. Lakini iweke kwenye sahani ya udongo, itang'ang'ania.

Kwanza ni wembamba wake. Nyingi zina unene wa mikroni 10 hivi, yaani ukipanga tabaka mia moja ndipo unapata milimita moja. Kitu chembamba namna hiyo, tena kinachonyumbulika, hulala juu ya ukingo wa bakuli bila kuacha nafasi. Vitu viwili vikigusana kwa ukaribu huo, chembe zake ndogo kabisa huvutana. Mvuto wa chembe moja si kitu, lakini chembe zenyewe hazihesabiki. Mjusi kafiri anayetembea darini kichwa chini anategemea mvuto wa namna hiyo hiyo.

Na ile tabia ya kurukia mkono unapoivuta kutoka kwenye roli? Huo ni umeme tuli. Unasaidia kidogo, kisha unapotea, na kwetu pwani kwenye hewa yenye unyevu unapotea haraka zaidi. Kinachobaki kushika ni kule kugusana, pamoja na nailoni iliyonyooshwa kutaka kurudi ilivyokuwa.

Sasa, mara ngapi nailoni imegoma, ukaongeza kipande cha pili na cha tatu? Huenda ukingo ulikuwa na maji au mafuta. Ufute ukauke, nyoosha kipande kimoja, kitatosha. Kioo, udongo uliong'arishwa na chuma laini hushikika vizuri. Bakuli la mbao halishikiki hata ukitumia roli zima, kwa sababu uso wake unaparuza na nailoni inagusa sehemu chache tu. Hilo lifunike kwa sahani.

Plastiki ya kwanza ya kazi hii ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1933 kijana Ralph Wiley, aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara katika kampuni ya Dow huko Marekani, alikuta chupa isiyotakata. Utando ule mkaidi ulikuja kupuliziwa ndege za kivita ili chumvi ya bahari isizile, na mwaka 1953 ukaingia majikoni. Roli nyingi za leo ni za plastiki nyingine: PVC au polithini. Polithini hupitisha harufu kidogo kidogo, ndiyo maana kitunguu ulichokifunga vizuri bado kinayanukisha maziwa ndani ya friji.

Hapo kwenye PVC ndipo ninapoomba tukae kidogo. Kwa asili yake ni ngumu, ndiyo hiyo ya mabomba ya maji. Ili iwe laini huchanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo vinaweza kuhamia kwenye chakula, hasa chakula cha moto na chenye mafuta. Je, kwako mnapopika wali hamtandazi nailoni juu ya sufuria kabla ya mfuniko? Wengi tumelelewa tukiona hivyo, na nia ni njema: mvuke usitoke. Lakini jani la mgomba linazuia mvuke vizuri tu, na mfuniko uliowekewa uzito juu unafanya kazi ile ile.

Mama lishe na baba lishe, ninyi mnalisha mtaa mzima. Ugali wa moto na chipsi zinazotoka kwenye karai hazifai kukutana na nailoni. Mwambie mteja aje na hotipoti yake. Akizoea, hata wewe utapunguza gharama.

Nyumbani, acha chakula kipoe kwanza ndipo ukifunike na kukiweka kwenye friji, ila kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ukitumia maikrowevu, nailoni isiguse chakula. Na kwa chakula cha kuliwa leo leo, je, kawa la bibi halipo tena? Linazuia inzi, linapitisha hewa, linatumika miaka.

Tulipoiaga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa hapa Tanzania, Juni 1, 2019, vikapu vilirudi sokoni na maisha yakaendelea. Nailoni ya jikoni imebaki, na ikishachafuka kwa mafuta ni vigumu kumpata wa kuirejeleza. Kwa hiyo kila kipande tusichokikata ni faida kwa mtaro wa mtaani kwetu.

Na kile kilichokwisha kutumika, tafadhali, kisiwe cha kuwashia jiko la mkaa. PVC ikiungua hutoa moshi wa tindikali na sumu nyingine, na anayepuliza mara nyingi ni mtoto tuliyemtuma. Kurasa za daftari la mwaka jana zinawasha vizuri.