Zawia ya Gorakhpur: makao ya mayogi yaliyogeuka ngome ya siasa

Kila India inapokaribia uchaguzi, hutufikia kwenye simu zetu video ya mtu aliyevaa nguo za rangi ya zafarani tangu shingoni hadi miguuni, kichwa kimenyolewa, masikioni ana herini, anahutubia umati wa watu. Chini yake huwa pana maneno ya Kiswahili, hayajulikani yameandikwa na nani, kwamba huyu ni kuhani wa Mabaniani anayebomoa nyumba za Waislamu. Dakika mbili baadaye kundi zima limewaka. Atatokea mmoja aseme Mabaniani ndivyo walivyo tangu zamani, na mwingine ataongeza kwamba hata hawa tunaonunua kwao hapa Mombasa tusiwaone wametulia.

Mtu huyo yupo na nyumba zimebomolewa kweli. Maneno ya "tangu zamani" ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu si kweli, na ukiufuata uongo wake utafika mahali pabaya, tena karibu na nyumbani.

Jina lake ni Yogi Adityanath. Tangu Machi 2017 ndiye waziri kiongozi wa jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, lenye zaidi ya watu milioni 200, yaani karibu mara nne ya Kenya. Katika hesabu ya watu ya 2011, Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 19 ya watu wa jimbo hilo. Lakini kabla ya kuwa mwanasiasa, na hadi leo akiwa mwanasiasa, yeye ni mkuu wa makao ya watawa wa Kihindu katika mji wa Gorakhpur, upande wa mashariki wa jimbo, karibu na mpaka wa Nepal. Wenyewe huyaita makao hayo matha, na mkuu wake humwita mahanti.

Kwa sisi watu wa pwani, njia nyepesi ya kuelewa matha ni kufikiria zawia. Pana sheikh, pana murid, pana silsila inayorudi hadi kwa mwanzilishi, pana ardhi ya wakfu inayolisha mahali, na pana siku ya mwaka ambapo watu wa mbali hukusanyika. Mahanti akifa hurithiwa na yule aliyemteua kuwa khalifa wake, si na mwanawe wa kumzaa, kwa maana watawa hawaoi. Mwanafunzi akiingia huacha jina la wazazi wake na kupewa jipya. Adityanath mwenyewe alizaliwa 1972 kwenye milima ya Garhwal akiitwa Ajay Singh Bisht.

Mji umechukua jina la Gorakhnath, yogi aliyeishi yapata karne ya 11 au ya 12. Wafuasi wake, wanaoitwa Nath, ndio waliokuza ile elimu ya mwili, pumzi na mikao ambayo leo inauzwa duniani kote kwa jina la yoga. Hutoboa gegedu la sikio na kuvaa pete kubwa, na ndiyo asili ya zile herini za kwenye video. Hawakuwa watu wa kufuata sana sheria za tabaka. Waliingia kwao watu wa chini, wafumaji na wachungaji, na waliingia Waislamu pia. Mashairi yanayonasibishwa na Gorakhnath yanawasema makadhi na makuhani wa Kihindu kwa pamoja, kwamba wote wameshika maganda na kuliacha tunda. Msikilizaji wa Kisufi asingeona ugeni wowote hapo, na masufi wa India kweli walisoma vitabu vya mayogi hawa, vingine vikatafsiriwa kwa Kiarabu na Kifarsi.

Wapo hata Waislamu waliokuwa mayogi hawa kwa ukoo. Katika vijiji vya mashariki mwa Uttar Pradesh kuna familia za Kiislamu ambazo wanaume wao, kizazi baada ya kizazi, walivaa zafarani, wakabeba ala ya nyuzi iitwayo sarangi, wakazunguka wakiimba visa vya wafalme walioacha enzi zao wakamfuata Gorakhnath. Walikuwa wakisali na kufunga kama Waislamu wengine. Siku hizi wamepungua sana. Mwislamu aliyevaa zafarani anasimamishwa njiani na kuulizwa kwa nini amejigeuza, na huko msikitini nako huulizwa swali lilelile.

Na mjini Gorakhpur kwenyewe lipo imambara la Mian Saheb, lililotokana na sufi aitwaye Roshan Ali. Ndani yake kuna moto wa kuni ambao wenyeji wanasema haujazimwa tangu wakati wake. Katika hekalu la Gorakhnath nako upo moto wa aina hiyohiyo, nao husemwa haujazimwa. Simulizi ya mji ni kwamba Nawab Asaf-ud-Daula, mtawala Mwislamu wa Awadh mwishoni mwa karne ya 18, aliwapa ardhi wote wawili, sufi na mayogi. Hekalu nalo lina simulizi yake nyingine, kwamba liliwahi kubomolewa na wafalme Waislamu wa Delhi. Simulizi zote mbili zimekuwepo mjini kwa pamoja. Ile inayosemwa kwa sauti zaidi hutegemea nani ameshika kipaza sauti.

Basi palibadilika nini? Jibu langu ni miaka ya 1930, na mtu mmoja.

Digvijay Nath alizaliwa 1894 huko Udaipur, akaletwa Gorakhpur akiwa mtoto, akakulia ndani ya matha. Hakuwa mtawa wa kukaa pangoni. Alisoma shule ya Kiingereza na kucheza tenisi. Februari 1922, watu wenye hasira walipochoma kituo cha polisi cha Chauri Chaura, karibu na Gorakhpur, na polisi zaidi ya 20 wakafia humo, yeye alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, kisha akaachiliwa. Gandhi alisimamisha harakati zake kwa sababu ya tukio lile. Digvijay Nath naye akazidi kuwa mbali na Gandhi. Akawa mahanti 1935, na mwaka wa 1937 akajiunga na Hindu Mahasabha, chama kilichotaka India iwe ya Wahindu.

Hapo ndipo zawia ilipogeuka ofisi ya chama. Gandhi alipouawa Januari 1948, mahanti alitiwa ndani miezi tisa kwa tuhuma za kuwachochea watu dhidi yake. Alipotoka alielekea Ayodhya, safari ya saa chache tu kutoka Gorakhpur, ambako ulikuwepo Msikiti wa Babri wa karne ya 16. Mwishoni mwa 1949 alikuwa mstari wa mbele katika kisomo cha siku tisa mfululizo cha kisa cha Rama karibu na msikiti huo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba, masanamu ya Rama yakaingizwa ndani. Serikali ikafunga mlango kwa Waislamu, na haukufunguliwa kwao tena.

Mengine mengi tunayajua. Mahanti aliyefuata, Avaidyanath, aliongoza kamati ya kudai mahali pale tangu 1984, na msikiti ukabomolewa mchana kweupe tarehe 6 Desemba 1992. Mahakama ya Juu ya India iliposema neno la mwisho, Novemba 2019, ilikiri kwamba kuingiza masanamu kulikuwa kuunajisi msikiti na kuubomoa kulikuwa kuvunja sheria. Kisha ikawapa ardhi Wahindu, na Waislamu wakapewa ekari tano mahali pengine. Nimeisoma hukumu ile katika muhtasari zaidi ya mara moja, na bado sioni vipi sentensi ya kwanza inazaa ya pili.

Ukitazama silsila hii utaona mahanti watatu mfululizo wakiwa wabunge wa Gorakhpur: Digvijay Nath 1967, Avaidyanath mara nne kati ya 1970 na 1996, kisha Adityanath kuanzia 1998, akiwa na miaka 25. Kiti cha bunge kimekuwa kama sehemu ya wakfu.

Lakini si chuki peke yake iliyowashikia kiti hicho. Matha inaendesha shule, vyuo na hospitali kupitia shirika la elimu aliloanzisha Digvijay Nath mwaka wa 1932. Eneo la hekalu ni takriban ekari 52. Asubuhi mahanti hupokea watu wenye shida: huyu ana kesi ya shamba, yule mwanawe hana ada, mwingine amedhulumiwa na polisi. Hapokei kwa kuangalia dini, na waandishi wengi waliofika hapo wamewakuta wauza maduka Waislamu palepale kwenye eneo la hekalu, waliokaa miaka mingi wakiuza vikorokoro kwa mahujaji. Anayeuliza vipi mtu anaweza kumsikiliza mama wa Kiislamu asubuhi na jioni akahutubia dhidi ya Waislamu, amesahau wanasiasa wetu wenyewe.

Hesabu za kura zinaeleza jioni ile kuliko kitabu chochote cha dini. Mwaka wa 1999 Adityanath alinusurika kwa tofauti ya kura 7,000 na ushei. Mwaka wa 2002 akaanzisha kundi la vijana, Hindu Yuva Vahini, lililojulikana haraka kwa kugeuza kila ugomvi wa mtaani kuwa wa kidini. Uchaguzi wa 2004 alishinda kwa zaidi ya kura 140,000. Mapema 2007, mji ulipoingia katika ghasia, alikamatwa akalala jela siku 11. Miaka kumi baadaye polisi walewale wakawa chini yake.

Akiwa waziri kiongozi amebadilisha jina la Allahabad, ameleta sheria dhidi ya kubadili dini kwa ajili ya ndoa, na tingatinga limekuwa nembo yake. Nyumba za washukiwa, wengi wao Waislamu, zilivunjwa kabla hata kesi hazijasikizwa. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba serikali haiwezi kuwa hakimu, na kwamba lazima itoe notisi ya siku 15 kabla ya kubomoa.

Jambo ambalo video zile hazituletei ni kwamba Wahindu wenyewe hawako pamoja kwa hili. Mwaka wa 2018, kiti cha Gorakhpur kilipobaki wazi, wapigakura wa mji wa matha walimchagua mgombea wa upinzani. Katika uchaguzi wa 2024, miezi michache tu baada ya hekalu la Rama kufunguliwa kwa shangwe, chama tawala kilipoteza eneo bunge lenye Ayodhya yenyewe. Aliyeshinda ni Awadhesh Prasad, Mhindu wa tabaka la chini. Katika viti 80 vya jimbo, upinzani wa Samajwadi ulipata 37 na BJP 33. Wengi wa waliopiga kura zile ni Wahindu.

Kwa hiyo ninapoona mtu Mombasa anamhesabia Baniani wa hapa dhambi za Gorakhpur, namuuliza ana habari gani na babu yake huyo mtu. Wengi wa Wahindu wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kutch. Walikuja kwa majahazi ya kusi na kaskazi, na wengine wako hapa tangu kabla ya reli. Matha ya Gorakhpur si yao kwa silsila wala kwa lugha. Tuna methali inayosema Baniani mbaya kiatu chake dawa, na sijawahi kuipenda, kwa sababu inamtaka mtu afae huku ikishamhukumu. Hapa wao ni wachache, kama Waislamu walivyo wachache kule, na maneno yanayoanzia kwenye simu hayachelewi kufika mlangoni kwa duka la mtu.

Mwaka wa 2027 ni zamu ya uchaguzi wa jimbo la Uttar Pradesh. Adityanath hutajwa mara kwa mara miongoni mwa wanaoweza kumrithi Narendra Modi siku moja, na akienda Delhi litabaki swali ambalo makao yale hayajawahi kulijibu: nani atakaa na watu asubuhi. Mahanti huteua khalifa wake mapema, na Adityanath aliteuliwa 1994, miaka 20 kabla mwalimu wake hajafa. Jina la atakayefuata ndilo nitakalolitazama mimi, kuliko video yoyote.