Si Ukame Peke Yake

Nimeisoma kwa taamuli makala ya ndugu mheshimiwa anayedai kwamba mahindi yanayokauka kando ya Mlima Meru yanauawa na ukame tu, na kwamba mkulima akipata maji ya mfereji shida imekwisha. Nami, pamoja na kumstahi, nasema hoja hiyo ni batili. Ukame haukuanza juzi, na wazee wa Oldonyo Sambu waujua vyema. Lakini hindi lenye kiu huanza kukauka majani ya chini, ilhali maradhi yaliyodhihiri Arusha mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Bomet nchini Kenya, hutia manjano majani machanga, yakaua kiini, na gunzi likabaki bila punje.

Hayo huletwa na virusi wa aina mbili wanapokutana katika mmea mmoja, hawa wakibebwa na vidudu waitwao thripi, wale na vidukari. Ukame basi si muuaji pekee, bali ni mshenga: mvua kubwa huwaosha thripi majanini, ukavu huwazidisha, na mmea uliodhoofika hukosa nguvu ya kumkabili adui wa pili. Ama mfereji (sina uadui nao, nimekunywa maji yake), ukinywesha mahindi kiangazi kizima, huwahifadhia virusi makao mpaka masika.

Ewe mwenye shamba Ngaramtoni au Tengeru, ng'oa mapema mche wenye dalili, na msimu ujao panda maharage.